Bimdogo Alikataa Usingizi

Asubuhi ile mke wangu Bimdogo alikuwa amesimama jikoni anangoja chai ichemke, mtandio shingoni, ananitazama mimi na shati langu.

"Baba Lubna, hilo shati ulilivaa jana."

"Jana sikutoka."

"Kwani humu ndani hamna mtu wa kukuona?"

Nikaenda nikabadilisha. Niliporudi chai ilikuwa mezani, na mkate wa kumimina umebaki kipande kimoja. Akakikata yeye, akanipa upande ulioungua kidogo, maana ndio niupendao. Tukazungumza habari ya bomba la jikoni linalovuja. Akasema nimwambie meneja. Nikasema nimeshamwambia.

"Umemwambia kwa Kiswahili?"

Tukacheka. Binti yetu Lubna akapiga honi huko chini. Walikuwa wanakwenda Houston, amekufa mama mmoja wa kwetu, na huko hawakuwa na mwanamke wa kumwosha. Bimdogo akachukua mfuko wake wa kazi, wenye glavu, kafuri na mkasi wa sanda. Mlangoni akaniambia wali umo frijini, nisiule baridi. Akashuka ngazi ameshika chuma. Mimi nikaenda kazini.

Ni hiyo tu. Hatukupata asubuhi nyengine.

Mwaka ulikuwa elfu mbili na sita. Alimwosha yule mama baada ya adhuhuri, wakarudi nyumba waliyofikia, akakaa kwenye kochi akaomba maji. Maji yalipokuja hakuwapo wa kuyanywa. Lubna akanipigia simu. Mimi kazi yangu ni kusukuma viti vya wasiojiweza pale uwanja wa ndege, na wakati ule nilikuwa namsukuma Mmarekani mmoja mwenye mguu wa plasta. Simu ikalia, nikaiacha. Ikalia tena. Nikamfikisha yule bwana mlangoni kwake kwanza, ndege isimwache. Kisha nikapokea.

Njoroge, jirani wa chini, dereva wa teksi, ndiye aliyenipeleka Houston. Njiani akasimama, akanunua chai, akanitia gilasi mkononi. "Shika tu, mzee. Hata kama hunywi."

Nilikuta ameshaoshwa na kukafiniwa kwa sanda. Kwetu mume ana haki ya kumwosha mkewe, na mimi ningependa. Lakini wale watu wangejuaje nitafika saa ngapi, na maiti hawekwi. Walinifunulia uso. Akazikwa hukohuko. Kaburi liko Houston na mimi niko Irving, ubavuni mwa Dallas, barabara kubwa siziwezi tena, magoti. Lubna akipata ruhusa kazini hunipeleka.

Ni yeye Lubna aliyesema, "Baba, andika wewe, wajukuu wasome." Mimi sikusoma skuli, nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, herufi nazijua. Nitaandika habari ya mkono wake, ulivyovunjika ukapasuliwa. Naijua vizuri, na kina mama wa msikitini wanaisimulia sivyo. Wanasema Bimdogo hakuogopa. Aliogopa sana.

Alizaliwa Kibokoni, Mombasa. Kuosha maiti alifundishwa na shangazi yake. Kule kwetu kila kichochoro kina bibi wawili watatu wanaojua kazi hiyo, hakuna anayekuona wa ajabu. Huku Irving tulikuja mwaka wa tisini na sita, Lubna alituita, tukakuta hakuna anayejua. Ikatokea msichana mmoja wa Tanga, mwanafunzi, akafa kwa ajali ya gari. Wanawake msikitini wakawa wanatazamana. Bimdogo akavua saa yake, akanipa niishike, akakunja mikono. Basi tangu siku hiyo ikawa yeye. Carrollton wanamwita, Mansfield wanamwita. Akirudi nyumbani haniambii alichokiona. Huoga, huswali, huuliza nimekula nini.

Jambo moja aliniambia, maana nilimwuliza mkono unafanyaje bila kutetemeka. Akasema anamsemesha maiti. Anamwambia kila kitu kabla hajakifanya. "Sasa nakumwagia maji, mwanangu, ni vuguvugu." "Sasa nakugeuza upande wa kushoto, usione haya, nimekufunika."

"Anasikia?" nikamwuliza.

"Sijui. Lakini mimi nasikia, nisije nikamgeuza kama gunia."

Sasa mkono. Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa elfu mbili na tatu, Idi ya kuchinja imepita karibuni. Mvua ya barafu ikanyesha Dallas nzima. Watu wa huku wanakaa ndani siku kama hizo. Bimdogo akatoka kumpelekea Mado uji. Mado ni Mkongo wa nyumba ya pili, alikuwa amejifungua. Uji ulifika. Wakati wa kurudi akateleza pale panapoegeshwa magari, akaangukia mkono wa kulia. Niliusikia mlio niko dirishani.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu mrefu, mpole, viganja vyake vikubwa kama sahani. Akatuonyesha picha. Mifupa miwili imevunjika, juu ya kifundo. Atapasua, atatia vyuma na skrubu. Akasema atamlaza kabisa, akiamka itakuwa imekwisha, wagonjwa wengi wanapenda hivyo.

Lubna akatafsiri. Bimdogo akasema, "Mwambie silali."

"Mama, please. Wata-drill mfupa. Utasikia kila kitu."

"Nisikie."

"Si ni bora ulale tu, uamke ushamaliza?"

"Lubna, mimi naona watu waliolala. Mtu hajui nani kamvua, nani kamgeuza, nani kasimama mlangoni anatazama."

"Hao ni wafu, Mama!"

"Na yule anayemgeuza, kwake yeye tofauti ni ipi?"

Lubna akanigeukia mimi sasa, nimsaidie. Nikawa natazama ile picha ya mifupa. Daktari akauliza wanagombania nini. Lubna akamweleza, sijui alimweleza vipi, uso ulikuwa mwekundu. Yule daktari akakuna kidevu. Akasema iko njia nyengine. Mkono peke yake unaweza kutiwa ganzi, kwa sindano ya kwapani, mgonjwa akabaki macho. Lakini mara nyengine ganzi haishiki vizuri. Isiposhika, itabidi alale. Akasema ataamua daktari wa ganzi, siku yenyewe.

Siku hizo mbili tatu kabla ya kupasuliwa mimi ndiye niliyekuwa namfunga mtandio. Sikuwa fundi.

"Unanifunga kama mkungu wa ndizi," akasema.

"Tulia basi."

"Umenichoma na pini."

"Nimekuchoma kidogo."

Akatulia. Kisha akasema, huku amenipa kisogo, "Baba Lubna, naogopa. Kisu si kitu. Naogopa niwe pale na nisiwepo."

Nikamaliza kufunga.

Siku ya siku tukafika hospitali mapema, hajala, hajanywa. Wakamvika lile gauni lao la kufungwa nyuma. Akalitazama, akaomba na shuka, akajifunika mpaka kidevuni. Nesi mmoja akaja na pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha, maana vidole vilitakiwa viwe safi, kuna kidude cha taa nyekundu cha kupimia hewa katika damu, wanakibana kwenye kidole. Kucha za Bimdogo zilikuwa na hina ya Idi, nyeusi tii, miguu na mikono. Nesi akasugua. Akasugua tena. Akabadilisha pamba.

"Mwambie asugue mpaka Idi ijayo," akasema Bimdogo.

Lubna akaeleza kwamba ile si rangi ya kupaka juu, inaingia, haitoki mpaka ukucha ukue. Nesi akaita mwenzake, wakaitazama wote wawili, wakaisifu. Mwishowe kile kidude wakambana sikioni. Bimdogo akaniuliza, "Nimependeza?" Nikamwambia herini moja imepotea.

Daktari wa ganzi alikuwa kijana, miwani, anatembea haraka. Alitaka kwapa. Bimdogo akauliza kama yuko daktari mwanamke. Siku ile hakuwako. Basi nesi akashika shuka, akaacha wazi mahali padogo tu pa sindano, na mimi nikasimama upande wa pili nimemshika mkono mzima. Kijana alikuwa na kimashine chenye waya, kinapeleka umeme kidogo, ndivyo anavyojua sindano imefika kwenye mshipa wa fahamu. Mara vidole vya Bimdogo vikaanza kuruka. Vinaruka vyenyewe, hakuvituma. Akavitazama kama anatazama kuku kachinjwa.

"Ni wewe?" nikamwuliza.

"Si mimi."

Dawa ikaingia. Akasema mkono unapata moto, kisha akasema unakuwa mzito. Tukangoja. Kijana akarudi na kitu cha baridi, akawa anagusa. Huku? Hasikii. Huku? Hasikii. Akafika upande wa dole gumba.

"Hapa?"

"Hapana, sisikii," akasema Bimdogo, sauti safi kabisa.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasogea karibu na miguu, na niliona vidole vya miguu vimejikunja chini ya blanketi. Alikuwa anasikia. Alitaka kuingia hivyohivyo apasuliwe anasikia, kuliko wamlaze.

Nikamtazama, naye akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiambia nisithubutu kusema.

Kumbe kijana naye ameona. Akainua blanketi, akaitazama ile miguu yenye hina, akacheka kidogo. Akamwambia Lubna, "Mwambie mama asinidanganye. Nikimpeleka hivi atapiga kelele, na hapo nitamlaza kwa nguvu. Nitaongeza sindano moja. Tutangoja. Isiposhika na hiyo, alale."

Lubna akatafsiri. Bimdogo akafumba macho, midomo inakwenda, anasoma. Sindano ya pili ikaingia. Hata Lubna, aliyekuwa anataka mama yake alale, nilimwona ameshika ncha ya shuka anaisokota. Kijana hakuondoka, alivuta kiti akakaa. Baadaye akagusa tena dole gumba, na mimi sikutazama mkono, nilitazama miguu. Miguu ilitulia.

"Hapa?"

"Wallahi sasa sisikii."

Wakaondoa breki za kitanda. Nikamfuata mpaka kwenye milango miwili mipana. Nesi akanionyesha kiganja, mwisho hapo. Bimdogo akageuza kichwa anitazame lakini kitanda kilikuwa kinakwenda haraka, na pale kwenye kona nikamwona mtandio tu, ule niliomfunga mimi.

Tukakaa chumba cha kungojea. Televisheni ilikuwa inaonyesha watu wanapika. Lubna akanunua kahawa, ikapoa. Nilikuwa nahesabu matofali ya dari, nikipoteza naanza tena.

Ya ndani sikuyaona, naandika kama alivyonieleza. Walinyoosha mkono wake kwenye ubao pembeni, wakatundika shuka la buluu kati ya uso wake na mkono. Ndani ni baridi. Daktari wa ganzi alikuwa upande wa kichwa, mwanzo alimsemesha, jina lako nani, uko sawa, naye akamjibu kwa Kiingereza chake. Kisha kijana akashughulika na mashine zake. Bimdogo akasikia keekee ya kutobolea mfupa. Akasema ile sauti alikuwa anaisikia kwenye meno, maumivu hakuna, kutikisika tu, kama fundi anatoboa ukuta wa jirani. Yule daktari mrefu alikuwa anamweleza mwenzake habari ya uzio wa nyumba yake na mbwa wa watu. Bimdogo alifuata maneno mawili matatu. Mbwa alilijua. Akawa anajisomea.

Walipomtoa alikuwa macho, anatabasamu, Lubna akambusu kipaji. Mkono umefungwa mweupe, umelala pembeni yake. Akaniambia nisogee. Akauinua ule mkono kwa mkono wa kushoto, akaupima, akauacha ukaanguka juu ya blanketi.

"Huu uzito naujua," akasema.

Tukashuka mpaka garini. Mimi nilimfunga mkanda, nikaupitisha mkono juu, vidole ni baridi na havinijui. Nyumbani tukauweka juu ya mito miwili. Alipojigeuza kidogo kumwambia Lubna kitu, mkono ukateleza, ukampiga puani. Pa!

"Nimepigwa!" akasema. "Baba Lubna, nimepigwa na mkono wangu mwenyewe, na mlikuwapo!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alicheka mpaka akatoa machozi. Lubna akatoka jikoni akatukuta hivyo, akasema sisi wote wawili tumepewa dawa.

Uhai ukarudi mkononi pamoja na maumivu yake, na hapo alilia kweli. Vidonge vikamsaidia. Baadaye wakampa mpira mdogo wa kubinyabinya ili vidole vipate nguvu. Akaukataa. Alikanda unga wa chapati, kila siku, kwanza kwa vidole viwili, mpaka ngumi ikafunga. Tulikula chapati ngumu mwezi mzima, Mado alipelekewa, Njoroge alipelekewa, na hakuna aliyethubutu kusema ni ngumu. Kabla ya Ramadhani alikuwa ameshaitwa Carrollton na akaenda, mkono una chuma ndani.

Zilipita wiki chache tangu kupasuliwa, ndipo hospitali wakapiga simu. Ilikuwa Jumamosi mchana, Lubna yuko, akaiweka simu mezani sote tusikie. Mwanamke, sauti nzuri, akasema wanauliza wagonjwa waliopasuliwa mkono kama waliridhika, waliolazwa na waliokuwa macho, wapate kujua ipi ni bora. Atauliza, na mama atajibu kwa namba, moja hadi tano. Tano ni kuridhika kabisa.

Akauliza habari ya maumivu.

"Tano," akasema Bimdogo.

Habari ya sindano.

"Tano."

"Mama, sindano ulichomwa mara mbili, ulilalamika mpaka nyumbani," Lubna akasema.

"Tano."

Habari ya kuelezwa yatakayofanywa. Tano. Kichefuchefu, hakikuwapo, tano. Baridi ya chumba cha kupasulia.

"Tano."

"Mama, jibu ukweli bwana. Wanataka ukweli, hawatakasirika."

"Ukweli gani? Mtu amekutengenezea mkono, umpe tatu? Utamtazamaje njiani?"

Yule mwanamke wa simu akauliza kama kuna tatizo. Lubna akasema hakuna, mama ni mkarimu. Mwanamke akacheka, akasema limebaki swali moja, na hili halina namba. Kama angepasuliwa tena, angechagua nini, alale au akae macho?

Nilidhani atajibu mara moja. Mambo yote yale ya kugombana na binti yake, na ile miguu. Lakini alikuwa ameshika donge lake la unga, akaliweka juu ya sahani. Akaitazama simu, kisha akanitazama mimi, kitambo, hata Lubna akasema, "Mama? Anangoja."

Ndipo Bimdogo akasema, na maneno yake nayaandika kama yalivyotoka: "Mwambie macho tena. Lakini siku hiyo Baba Lubna awe ndani, akae upande wa kichwa. Mle mlikuwa na watu wengi, na mimi sikuwa na mtu."